Kichujio cha cgroup hakishiki kitu: dalili na sababu zake kwenye bpftrace na eBPF

Umeandika mstari mmoja wa bpftrace (chombo cha kufuatilia matukio ya Linux kwa eBPF, yaani programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kerneli) ili uone faili zinazofunguliwa na kontena moja. Amri inaanza bila kulalamika, kontena linaendelea na kazi yake, lakini ukibonyeza Ctrl-C jedwali liko tupu. Au limejaa, ila kila tukio limeandikiwa cgroup (kikundi ambamo Linux hupanga michakato) namba 1. Au namba inatoka vizuri, na hakuna saraka yoyote kwenye mashine yenye namba hiyo.

Kabla ya kugusa dalili yoyote, elewa jambo moja. Funksheni `bpf_get_current_cgroup_id()`, ambayo ndiyo iliyo nyuma ya neno `cgroup` la bpftrace, hujibu swali finyu sana: uzi (thread) ulioko kwenye CPU hii wakati huu umekaa katika kikundi gani cha mti wa cgroup v2, yaani toleo la pili la cgroup? Haijui aliyesababisha tukio. Haiuoni mti wa v1, toleo la kwanza. Haijali vikundi vilivyo juu ya kile ambacho uzi umekaa. Karibu matatizo yote yafuatayo yanatokana na kudhani kwamba inasema zaidi ya hapo.

## Anza na vipimo hivi

Viendeshe kwenye mashine yenyewe, si ndani ya kontena:

```
uname -r
stat -fc %T /sys/fs/cgroup
cat /proc/4121/cgroup
```

Badala ya 4121 weka namba ya mchakato unaoutafuta. Amri ya pili ikijibu `cgroup2fs`, una v2 peke yake. Ikijibu `tmpfs`, una v1, au mchanganyiko wa yote mawili ambao mti wake wa v2 uko `/sys/fs/cgroup/unified`. Katika jibu la amri ya tatu, mstari unaokuhusu ni ule unaoanza na `0::`. Mistari mingine yenye majina kama `memory` au `cpu` ni ya v1, na funksheni yetu haiigusi.

Chukua njia iliyo baada ya `0::`, iunganishe na mahali mti wa v2 ulipopachikwa, kisha uliza namba ya inodi ya saraka hiyo (namba ambayo mfumo wa faili huitambulisha nayo):

```
stat -c %i /sys/fs/cgroup/system.slice/nginx.service
```

Kwenye kerneli 5.5 na kuendelea, kwa mashine ya biti 64, namba hiyo ndiyo kitambulisho chenyewe cha kikundi. Sasa ilinganishe na kile kinachoonwa na programu ya ufuatiliaji:

```
bpftrace -e 'tracepoint:syscalls:sys_enter_openat /pid == 4121/ {
  @[cgroup, comm] = count(); }'
```

Namba mbili zikilingana, tatizo liko kwenye kichujio chako au kwenye tukio ulilochagua. Zisipolingana, tatizo liko kwenye mti au kwenye umri wa kerneli. Usiruke kipimo hiki; ndicho kinachoamua usome sehemu ipi hapa chini.

## Kila tukio lina namba 1

Namba 1 ni mzizi wa mti wa v2. Sababu ya kawaida ni kwamba mashine inatumia v1. Kerneli huwa na mti wa v2 kichwani hata kama haujapachikwa popote, na michakato yote ambayo haijapangwa humo huhesabiwa kuwa kwenye mzizi. RHEL 8 huja na v1, na Ubuntu 20.04 huja na mchanganyiko. Fedora 31, Debian 11, Ubuntu 21.10 na RHEL 9 zilihamia v2 kama chaguo la kuanzia.

Mchanganyiko ni hatari zaidi kuliko v1 tupu, kwa sababu unatoa namba zinazoonekana za kweli. Docker inayotumia dereva ya `cgroupfs` yenye runc (programu inayoanzisha makontena) ya zamani inaweza kuunda vikundi vya kontena upande wa v1 tu, na kwenye v2 ikaacha michakato katika kikundi cha huduma iliyoizaa, mara nyingi `containerd.service`. Makontena kumi yatatoka na namba moja, tena isiyo 1, na utaamini umepata jibu.

Dawa ya kudumu ni kuhamia v2. Kwenye RHEL 8:

```
grubby --update-kernel=ALL --args="systemd.unified_cgroup_hierarchy=1"
```

Kisha washa mashine upya. Hakikisha kwanza kwamba Docker ni 20.10 au zaidi; kwa Kubernetes, v2 ilitangazwa kuwa imekomaa katika toleo la 1.25.

Kama seva haiwezi kuzimwa leo, soma kikundi cha v1 moja kwa moja kutoka kwenye muundo wa mchakato. Tafuta kwanza nafasi ya kidhibiti cha memori:

```
bpftool btf dump file /sys/kernel/btf/vmlinux format c | grep memory_cgrp_id
```

Tuseme limetoka 4:

```
bpftrace -e 'tracepoint:syscalls:sys_enter_openat {
  $t = (struct task_struct *)curtask;
  @[$t->cgroups->subsys[4]->cgroup->kn->id] = count(); }'
```

Linganisha matokeo na inodi ya saraka iliyo chini ya `/sys/fs/cgroup/memory`. Usinakili hiyo 4 kwenda mashine nyingine bila kuangalia, kwani hubadilika kulingana na vidhibiti vilivyowekwa wakati kerneli ilipojengwa. Kwenye kerneli za kabla ya 5.5, `id` ni muundo wenye sehemu mbili ndani yake, kwa hiyo andika `kn->id.ino`. Tena RHEL hurudisha mabadiliko mapya kwenye kerneli yenye namba ya zamani, hivyo amini BTF (maelezo ya miundo ya data yanayotolewa na kerneli yenyewe) kuliko `uname`.

Baadhi ya hizo 1 ni halali kabisa. `kworker` na `ksoftirqd` hukaa kwenye mzizi. Ukipima kwa `profile:hz:99`, CPU isiyo na kazi nayo huhesabiwa hapo kwa pid 0, na kwenye seva tulivu ndiyo itakayojaza jedwali. Weka `/pid != 0/` kabla ya kutafuta sababu nyingine.

## Namba ni kubwa mno, kama 4294967297

Hiyo ni 2 kwa kipeo cha 32, ukijumlisha 1. Katika kerneli 4.18 hadi 5.4, kitambulisho kilikuwa na nusu mbili: biti 32 za chini ni inodi, biti 32 za juu ni namba ya kizazi. Inodi 1, kizazi 1: huo ni mzizi tena, kwa mavazi mengine. Hapo `stat` inakupa nusu ya chini tu, ndiyo maana hailingani.

Kwa kusoma kwa macho, `cgroup & 0xffffffff` inatosha. Kwa kuchuja, tumia `cgroupid("/sys/fs/cgroup/unified/...")`, ambayo huiuliza kerneli kupitia `name_to_handle_at` na kurudisha baiti zote 8. Ukiandika kwa C, fanya vivyo hivyo, na uhifadhi kitambulisho katika `__u64`. Anayekiweka katika `int` hukata kizazi bila onyo lolote, na programu hiyohiyo itaonekana nzima kwenye kerneli mpya kwa sababu namba zake bado ni ndogo.

Ukikutana na `invalid func unknown#80` wakati wa kupakia programu, kerneli ni ya kabla ya 4.18; ukikutana na `unknown func bpf_get_current_cgroup_id#80`, huenda imejengwa bila `CONFIG_CGROUPS`, au aina ya programu yako hairuhusiwi kuitumia. Kwa programu za XDP (zinazoshughulikia pakiti mara tu zinapofika kwenye kadi ya mtandao) haifai: pale pakiti inapopokelewa hakuna mchakato wa kuulizwa.

## Njia ni sahihi, namba ni sahihi, jedwali tupu

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. `cgroup == cgroupid(...)` hushika michakato iliyokaa katika kikundi hicho hasa, si watoto wake. Na kwenye v2 kuna kanuni kwamba kikundi kinachogawia watoto wake vidhibiti vya kawaida hakikai na michakato yake chenyewe. Mzizi pekee ndio umesamehewa. Kwa hiyo michakato huwa kwenye majani ya mti. Ukichuja kwa `kubepods.slice`, umechuja tawi ambalo kwa kanuni halina mtu.

Angalia mpangilio wa Kubernetes inayotumia dereva ya systemd na containerd:

```
ngazi 1  kubepods.slice
ngazi 2  kubepods-burstable.slice
ngazi 3  kubepods-burstable-pod<uid>.slice
ngazi 4  cri-containerd-<id>.scope
```

Mzizi ni ngazi 0. Ukitaka podi nzima (kundi la makontena ambalo Kubernetes huliendesha pamoja), uliza mzazi wa ngazi ya 3:

```
if (bpf_get_current_ancestor_cgroup_id(3) != pod_id)
    return 0;
```

Funksheni hii ipo kuanzia kerneli 5.7. Tatizo lake ni kwamba ngazi si moja kwa podi zote. Podi ya daraja la Guaranteed haina ngazi ya katikati: `kubepods-pod<uid>.slice` iko moja kwa moja chini ya `kubepods.slice`, yaani ngazi ya 2. Programu iliyoandikiwa 3 itazikosa kimya kimya podi zilezile ambazo kwa kawaida ndizo muhimu kuliko zote. Kwenye kind, ambako nodi zenyewe ni makontena, ngazi zote zinasogea chini.

Kwa sababu hiyo tunapendelea `bpf_current_task_under_cgroup()`. Iko tangu kerneli 4.9 na haihitaji kujua ngazi. Unafungua saraka ya kikundi, unaweka kishikio chake cha faili katika jedwali la aina ya `BPF_MAP_TYPE_CGROUP_ARRAY`, na kerneli inapanda mti yenyewe. Inarudisha 1 mchakato ukiwa ndani, 0 ukiwa nje, na namba hasi ikishindwa, mfano `-EAGAIN` nafasi ya jedwali ikiwa bado haijajazwa. Andika `== 1`. Ukiandika `if (!...)` kama ilivyo mazoea ya C, kosa litahesabiwa kuwa "ndani", na kwa muda kati ya kupakia programu na kujaza jedwali utakusanya matukio ya mashine nzima.

Kwenye bpftrace, mzazi wa hatua moja unapatikana hivi:

```
((struct task_struct *)curtask)->cgroups->dfl_cgrp->self.parent->cgroup->kn->id
```

Kosa hilohilo hujificha kwenye Podman: ikitumia crun, mbadala wa runc, michakato huweza kukaa katika kikundi kidogo kinachoitwa `container`, ndani ya `libpod-<id>.scope`. Vilevile kontena linaloendesha systemd hugawa kikundi chake kuwa `init.scope`, `system.slice` na kadhalika. Usikisie jina, soma `/proc/PID/cgroup` ya mchakato wenyewe.

## Jana ilifanya kazi, leo kimya

Kontena au huduma ilianzishwa upya. Saraka ya zamani ilifutwa, mpya ikaundwa kwa jina lilelile, na kitambulisho ni kingine. `cgroupid()` ya bpftrace hukokotolewa mara moja tu, programu inapoanza. Chuja kwa mzazi anayedumu: slice ya podi hubaki hata kontena lake likianguka na kuinuka. Kwa vipimo vifupi, pitisha namba wakati wa kuanza:

```
CG=$(stat -c %i /sys/fs/cgroup/system.slice/nginx.service)
bpftrace -e 'tracepoint:syscalls:sys_enter_openat /cgroup == $1/ {
  @[comm] = count(); }' $CG
```

## Namba ipo, jina halipo

Kutoka namba kwenda jina, amri ni:

```
find /sys/fs/cgroup -type d -inum 48211
```

Isipotoa kitu, kikundi kimeshafutwa. Hata `cgroup_path()` ya bpftrace haitakuokoa, maana hutafuta jina wakati wa kuchapisha, si wakati wa tukio. Kazi za sekunde mbili za CronJob hufa kabla hujabonyeza Ctrl-C.

Njia ya uhakika ni kuandika majina wakati vikundi vinazaliwa, ukiwa na kerneli 5.5 au mpya zaidi:

```
BPFTRACE_STRLEN=200 bpftrace -e '
tracepoint:cgroup:cgroup_mkdir /args.root == 0/ {
  printf("%llu %s\n", args.id, str(args.path)); }'
```

Sharti la `args.root == 0` linaacha mti wa v2 pekee. Matoleo ya zamani ya bpftrace huandika `args->id` badala ya `args.id`. Kwenye kerneli za kabla ya 5.5, `id` ya tukio hili ilikuwa namba nyingine kabisa, isiyohusiana na ile inayorudishwa na `cgroup`; usizilinganishe.

`BPFTRACE_STRLEN` haiko pale kwa mapambo. Matoleo mengi ya bpftrace hukata maneno kwenye baiti 64, moja ikiwa ya kufungia. Hesabu herufi za `/kubepods.slice/kubepods-burstable.slice/kubepods-burstable-pod`: ni 63. Neno linakatika palepale kabla ya uid kuanza, na podi zote za burstable zinatoka na jina moja. Njia nzima ya kontena la containerd kwenye daraja hilo ni herufi 191, hivyo 200 inatosha.

Vikundi vilivyokuwepo kabla ya programu kuanza havitaonekana hapo. Viorodheshe mara moja kwa `find /sys/fs/cgroup -type d -printf '%i %p\n'`, lakini baada ya ufuatiliaji kuanza, si kabla. Ukibadilisha mpangilio huo, kikundi kilichozaliwa katikati kitakosekana kwenye orodha zote mbili.

## Tukio limeandikiwa kikundi kisicho chake

Namba ni ya kweli, saraka ipo, ila haina uhusiano na kazi unayoichunguza. Hapa neno "uzi ulioko kwenye CPU" linadai haki yake.

Katika `sched_switch`, aliyeko kwenye CPU bado ni yule anayeondoka. Ukitaka kikundi cha anayeingia, msome yeye mwenyewe:

```
bpftrace -e 'rawtracepoint:sched_switch {
  $n = (struct task_struct *)arg2;
  @[$n->cgroups->dfl_cgrp->kn->id] = count(); }'
```

Katika `sched_waking`, unayempata ni anayeamsha, siyo anayeamshwa. Katika `sched_process_fork` ni mzazi. Kwa kawaida mtoto hurithi kikundi chake, lakini tangu kerneli 5.7 `clone3` yenye `CLONE_INTO_CGROUP` inaweza kumzaa mtoto moja kwa moja katika kikundi kingine.

Diski ni mfano ulio wazi zaidi. `block_rq_complete` hutokea kwenye kikatizo (interrupt), na CPU inayokatizwa inaweza kuwa inaendesha mchakato wowote ule. Hata `block_rq_issue` si salama kwa uandishi wa kawaida, kwa sababu data hukaa kwanza kwenye memori na baadaye `kworker` ndiye huipeleka diskini. Ukitaka kujua nani anaandika, fuatilia `vfs_write`, ambako mwandishi mwenyewe bado yuko kwenye CPU. Ukitaka muda wa diski kwa kila kikundi, kwa usomaji au uandishi wa moja kwa moja, hifadhi `cgroup` ombi linapotolewa na ukisome tena ombi linapokamilika.

Kwa mtandao, upokeaji wote hupita kwenye softirq (kazi ya kerneli inayofuata kikatizo, nje ya mchakato wowote), hivyo `cgroup` ndani ya `kprobe:tcp_rcv_established` mara nyingi itakutajia mpita njia. Ulizia soketi badala ya mchakato. Kwenye tc (sehemu ya Linux inayosimamia foleni za pakiti) upande wa kutoka, `bpf_skb_cgroup_id()` ipo tangu 4.18. Ila kikundi cha soketi huandikwa soketi inapoundwa na hakimfuati mchakato ukihamishwa. Soketi iliyofunguliwa na mchakato mmoja na kukabidhiwa mwingine itaendelea kubeba alama ya aliyeifungua.

io_uring (njia ya kuagiza kazi za kusoma na kuandika bila kusubiri) haina shida hiyo kwenye kerneli mpya: tangu 5.12 wafanyakazi wake ni nyuzi za mchakato wenyewe, na hurithi kikundi chake.

Matukio ya mwanzo kabisa ya kontena nayo huweza kuandikwa kwa kikundi cha runc au containerd, kwa kuwa mchakato huzaliwa huko ndipo uhamishwe. Tukio la `cgroup:cgroup_attach_task` litakuonyesha sekunde ya kuhama: lina `pid`, `dst_id` na `dst_path`.

## Unaendesha bpftrace ndani ya kontena

Kwenye v2, Docker humpa kila kontena nafasi yake ya majina ya cgroup, hivyo `/proc/self/cgroup` husema `0::/` tu, na mchakato wa nje huonekana kwa njia kama `0::/../..`. `cgroupid()` yenye njia ya mashine itashindwa kwa sababu saraka haipo. Namba zenyewe hazibadiliki: `stat -c %i /sys/fs/cgroup` ndani ya kontena hutoa kitambulisho chake halisi, kilekile kinachoonekana nje. Hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kumuuliza kontena namba yake:

```
docker exec jina_la_kontena stat -c %i /sys/fs/cgroup
```

Kwa kontena la ufuatiliaji lenyewe, lianzishe kwa `--privileged --pid=host --cgroupns=host` ili lione mti mzima.

Ikiwa mchakato mmoja unatoa namba mbili tofauti, angalia `cgroup.type`. Ukikuta `threaded`, nyuzi zake zimegawanywa katika vikundi tofauti, hapo `cgroup.procs` haisomeki, soma `cgroup.threads`, na uchuje kwa `tid`.